Trela ya kulala iliyoundwa nyumbani: jinsi ya kushuka na kupanda Bonde la Kerio salama

Barabara inayotoka Iten kupitia Kessup na Tambach hadi Bonde la Kerio inapendwa sana na wageni wanaozuru Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Pia ni miongoni mwa zile zinazochosha breki haraka. Mji wa Iten uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Dereva anapofika darajani Chebloch, pale Mto Kerio unapopenya kwenye korongo jembamba mpakani na Kaunti ya Baringo, atakuwa ameshuka zaidi ya mita 1,000. Akishavuka daraja, barabara inaanza tena kupanda Milima ya Tugen kuelekea Kabarnet.

Matatu na malori ya maembe hupita hapo kila siku. Kwa anayevuta trela ya kulala iliyochomelewa na fundi wa jua kali, hesabu ni tofauti. Gari alilozoea halisimami pale lilipozoea kusimama, kona huwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka, na injini iliyokuwa na nguvu za kutosha Nakuru huanza kulalamika.

Trela yenyewe si jambo baya. Familia inayotaka kulala karibu na ukingo wa bonde bila kulipia vyumba vitatu, au mfugaji wa nyuki anayekaa siku kadhaa karibu na mizinga yake huko chini, anaweza kuundiwa kibanda cha mabati na plaiwudi juu ya akseli ya pikapu kuukuu kwa bei nafuu kuliko karavani ya kuagizwa kutoka nje. Ubaya huja pale kitanda, kabati na rangi vinapopewa kipaumbele, halafu akseli na breki zikaachwa zifuate baadaye.

Nguvu inayosukuma kutoka nyuma

Alama ya barabarani inayoonyesha mteremko wa asilimia 10 ina maana kwamba kila mita 100 za barabara, gari linashuka mita 10. Katika mteremko kama huo, trela ya kilo 1,500 husukuma gari lililo mbele yake kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 150. Ni kama watu wazima wawili walioegemea nyuma ya gari na kukataa kuondoka hadi mfike chini. Breki zikishika, watu hao hawachoki. Breki ndizo zinazochoka.

Kuchoka kwa breki ni suala la joto. Breki haziondoi mwendo ukapotea hivi hivi, bali huugeuza kuwa joto. Chukua pikapu ya kilo 2,000 inayovuta trela ya kilo 1,500, jumla kilo 3,500, ikishuka mita 1,000. Kama breki peke yake ndizo zingefanya kazi yote, joto ambalo zingezalisha lingetosha kuchemsha takriban lita 100 za maji baridi. Joto hilo lote lingepita katika vipande vichache vya chuma vinavyoweza kubebwa kwenye ndoo mbili.

Chuma kikishapata moto kupita kiasi, mambo mawili hutokea. Kwanza, pedi hupoteza mshiko, hivyo dereva anakanyaga kwa nguvu ile ile lakini gari halipungui mwendo. Pili, mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Lakini mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na yakishafyonza maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Yakichemka, mapovu ya mvuke huingia kwenye mabomba na pedali huzama hadi sakafuni kana kwamba hakuna kitu chini yake. Dereva ambaye hajabadilisha mafuta ya breki kwa zaidi ya miaka miwili asiteremke na trela kabla ya kupitia kwa fundi. Bei ya mafuta hayo ni ndogo ikilinganishwa na karibu kila kitu kingine kwenye safari.

Mambo ya kumwambia fundi

Kazi nzuri ya trela huanzia kwenye mizani. Kila litakaloingia ndani lina uzito: godoro, mtungi wa gesi, betri, vyombo, na hasa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100 zinazohama kila gari linapopunguza mwendo. Tangi linafaa kukaa chini kabisa, juu ya akseli au mbele yake kidogo, na liwe na vizuizi ndani ili maji yasikimbie kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. La sivyo, ni heri kusafiri na tangi tupu na kuteka maji mahali pa kulala.

Kitabu cha gari hutaja uzito wa juu ambao gari limeruhusiwa kuvuta. Hicho ndicho kikomo. Kwa dereva ambaye hajazoea, waongozaji wa karavani nchini Uingereza wana kanuni ya kubakia ndani zaidi ya kikomo hicho: trela iliyojaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe likiwa tupu. Kanuni hiyo ilitungwa kwa barabara zisizo na mteremko kama wa Tambach, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilegeza hapa. Uzito halisi unaweza kujulikana kwa kupitisha trela kwenye mizani ya malori, kama ile inayotumiwa kwenye maghala ya nafaka. Makadirio ya macho huwa ya chini kuliko ukweli, na fundi aliyechomelea vyuma vizito ili mteja asirudi kulalamika hatamwambia ameongeza kilo ngapi.

Mpangilio wa mzigo una uzito wake pia. Sehemu ya mbele ya trela, yaani mkono unaoshikana na gari, inapaswa kulalia gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote wa trela, lakini isipite kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa trela ya kilo 1,000 hiyo ni kilo 100, kiasi ambacho hata mizani ya bafuni inaweza kupima: trela isimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, kisha kigogo cha mbao kisimamishwe juu ya mizani na kichwa cha mkono kikalie kigogo hicho katika kimo kile kile cha kirungu cha gari. Mkono ukiwa mwepesi mno, trela itaanza kuyumba. Ukiwa mzito mno, nyuma ya gari itainama na magurudumu ya mbele yatapoteza mshiko, na hayo ndiyo yanayokata kona.

Akseli nyingi za jua kali hutoka kwenye magari yaliyochakaa. Hilo si kosa, mradi ijulikane ilitoka kwenye gari gani na ilibeba uzito gani. Kosa ni kuikata katikati na kuiunga ili ipungue upana, au kuchomelea springi moja kwa moja kwenye bomba la akseli bila bamba. Chuma kilichopashwa moto na kupoa ovyo hupasuka karibu na mshono, na mpasuko huanza mdogo kama unywele chini ya rangi. Mwenye trela alale chini yake na tochi, apanguse vumbi na kukagua kila mshono wa mkono na wa akseli kabla ya safari ndefu. Mstari wa kutu unaotokeza kwenye rangi mpya ni dalili ya ufa.

Kichwa cha mkono na kirungu cha chuma kilicho nyuma ya gari lazima viwe vya kipimo kimoja. Vipimo viwili vinavyopatikana madukani, milimita 50 na inchi 2, vinakaribiana mno hata mtu hawezi kuvitofautisha kwa macho, na kichwa cha inchi 2 juu ya kirungu cha milimita 50 kilichokwisha kulika ni hatari. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipite kwa mkato chini ya mkono, wa kushoto ukienda kulia na wa kulia ukienda kushoto. Sababu yake ni rahisi: kichwa kikichomoka, mkono huangukia kwenye minyororo hiyo kama mtoto kwenye mbeleko badala ya kuchimba lami na kuipindua trela.

Breki za trela

Hapa ndipo trela nyingi za nyumbani zinapopungukiwa. Nyingine hazina breki kabisa, na mwenyewe hujitetea kwamba gari lake lina breki za kutosha. Kwa kimkokoteni cha kubebea magunia mawili ya viazi, huenda anasema kweli. Kwa kibanda chenye vitanda, hapana.

Aina inayofaa mafundi wengi ni breki zinazojiendesha kwa msukumo. Kichwa cha mkono huwa na mtaimbo unaoteleza. Gari linapopunguza mwendo, trela inayosukuma kutoka nyuma hubonyeza mtaimbo huo, nao huvuta waya unaokaza breki za magurudumu ya trela. Hakuna umeme, hakuna bomba la mafuta hadi kwenye gari, na zinaweza kufungwa kwa gari lolote. Aina ya pili ni breki za umeme, zinazodhibitiwa kwa kifaa kilicho karibu na usukani. Hizi ni ghali zaidi na zinahitaji waya safi, lakini zina faida moja kubwa: dereva anaweza kukaza breki za trela peke yake bila kugusa za gari.

Breki za msukumo zina tabia ambayo kila anayezitumia mlimani anapaswa kuielewa. Kwenye mteremko mrefu, trela huwa inasukuma wakati wote, hata dereva asipokanyaga pedali. Anapotumia injini kulizuia gari, kama anavyoshauriwa, trela huendelea kubonyeza ule mtaimbo, na breki zake hubaki zimeshika kidogo kidogo kwa kilomita nyingi. Zinapata moto bila dereva kuhisi chochote mguuni. Dawa yake ni kusimama. Uwanda wa Kessup na Tambach, ambapo ukuta wa bonde umeacha ngazi ya ardhi tambarare kabla ya kushuka tena, ni mahali pa kutafuta nafasi pana nje ya lami, kupumzika robo saa au zaidi na kuacha vyuma vipoe. Asimwagie maji breki zenye moto, kwani chuma huweza kupinda au kupasuka. Gurudumu la kushoto la trela likiwa moto kuliko la kulia, au kinyume chake, waya wa breki umekazwa bila usawa au beringi inakufa. Kitovu cha gurudumu kisichovumilika kwa mgongo wa mkono, ilhali mwenzake ni vuguvugu, kinahitaji fundi kabla ya kuendelea.

Karatasi

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu mtu kumiliki trela isiyosajiliwa. Trela ina nambari yake yenyewe, inayoanza na herufi Z, na haiwezi kuazima ya gari linaloivuta. Usajili na ukaguzi ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), wala si ya serikali ya kaunti, kwa hiyo kuja ofisi za kaunti kutafuta namba ni kupoteza nauli. Anayeunda trela atunze risiti za vyuma, akseli na magurudumu tangu siku ya kwanza, kwa sababu ataulizwa vilikotoka. Aulize NTSA pia kama daraja la leseni yake linamruhusu kuvuta uzito huo, na aulize kampuni yake ya bima, kwa maandishi, kama bima ya gari inafunika trela ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa. Majibu ya mdomo hayasaidii baada ya ajali.

Taa za breki, indiketa na taa za nyuma za trela zifanye kazi zote. Vumbi na mtikisiko hulegeza plagi, hivyo zijaribiwe kila asubuhi, si siku ya kuondoka tu.

Kushuka

Gia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori inasema teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kwa pikapu yenye trela hiyo mara nyingi ni ya pili, na kwenye kona kali za chini ya Tambach huenda ikawa ya kwanza. Gari la gia otomatiki nalo lina sehemu ya kushikilia gia ya chini, yenye alama ya L, 2 au M, na dereva aijue ilipo kabla ya siku ya safari. Injini itanguruma. Ingurume tu, maana kelele hiyo ndiyo kazi ambayo breki zimepunguziwa.

Kuweka gari huru ili kuokoa mafuta ni desturi mbaya hata bila trela. Ukiwa na trela ni kucheza na maisha, kwa sababu kurudisha gia gari likishashika kasi huenda kusiwezekane. Na hata hayo mafuta hayaokolewi kama watu wanavyodhani: magari mengi ya kisasa hukata mafuta yenyewe dereva anapoondoa mguu kwenye eksileta huku gia ikiwa imeshika.

Breki zitumike kwa vipindi. Mwendo ukizidi ule aliouchagua dereva, akanyage kwa uthabiti hadi upungue kwa kilomita 10 kwa saa hivi, kisha aachie kabisa na kungoja. Kati ya kipindi kimoja na kingine hewa hupoza vyuma. Anayeulalia mguu pedali kwa upole kutoka Kessup hadi chini huziunguza breki bila kupata lolote, na harufu kali kama ya kitambaa kinachoungua itamfikia kabla ya moshi. Akinusa harufu hiyo asimame mara moja mahali salama, asijidanganye kwamba kumebaki kidogo.

Kwenye kona, trela hukata ndani kuliko gari. Gurudumu lake la ndani hupita karibu zaidi na mtaro au ukingo kuliko gurudumu la nyuma la gari lenyewe, kwa hiyo dereva apanue kona kadiri upande wake unavyoruhusu, bila kuvuka mstari wa katikati mahali asipoona mbele. Vioo vya kawaida havimwonyeshi kilicho nyuma ya kibanda kipana, na wenye bodaboda hupenda kujificha hapo hapo. Anahitaji vioo vya kurefusha pande zote mbili.

Chini bondeni barabara hunyooka na kishawishi cha kukimbia huja. Mbuzi hapo hawajui trela ni nini. Darajani Chebloch, wageni hupenda kusimama kuwatazama vijana wakirukia majini kutoka juu ya korongo, na ni jambo la kuvutia kweli, ila trela haiegeshwi darajani wala kwenye vichochoro vya daraja. Iachwe mbali, magurudumu yakiwa yamezuiwa, na watu watembee.

Trela ikianza kuyumba

Kuyumba huanza taratibu: nyuma inaenda kushoto, inarudi kulia, na kila mara inazidi. Sababu huwa kasi, upepo wa pembeni, mkono mwepesi, au mambo hayo kwa pamoja. Mteremko huzidisha, kwa kuwa trela husukuma badala ya kuvutwa.

Maumbile humtuma dereva kukanyaga breki kwa nguvu na kuzungusha usukani kinyume, na yote mawili huongeza tatizo. Akishika breki za gari, trela husukuma zaidi na kukunjana na gari kama kisu cha mfukoni. Anachopaswa kufanya ni kuondoa mguu kwenye eksileta, kushika usukani imara ukitazama mbele, na kungoja mwendo upungue wenyewe. Mwenye breki za umeme azikaze za trela pekee, nazo zitainyoosha kama mtu anayevuta kamba. Kuongeza mwendo ili kuinyoosha ni ushauri unaosikika kwenye vijiwe vingi vya madereva, na ni ushauri mbaya, kwa maana kasi ndiyo iliyoleta shida. Ikishatulia, asimame na kupanga upya mzigo kabla ya kilomita nyingine. Trela iliyoyumba mara moja itayumba tena kwa mzigo ule ule.

Kupanda

Injini huhitaji hewa, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Karibu na Iten, itakuwa imebakiwa na robo tatu hivi ya nguvu ilizo nazo Mombasa. Zenye tabo huathirika kidogo. Hiyo ndiyo sababu pikapu inayovuta vizuri Kibwezi inaweza kuishiwa pumzi kabla ya Tambach, na mwenyewe akadhani amewekewa mafuta machafu.

Bonde lina joto, kwa hiyo kupanda kuanze asubuhi mapema. Dereva ashuke gia kabla injini haijaanza kutetemeka, azime kipoza hewa, na aitazame geji ya joto mara nyingi kuliko anavyotazama mandhari. Maji huchemka kwa joto la chini kadiri mtu anavyopanda, karibu nyuzi 92 katika mwinuko wa Iten, na kinachozuia rejeta isichemke ni mfuniko wake unaoshika shinikizo. Mfuniko uliolegea usioleta shida Kisumu unaweza kumwaga maji yote hapa. Na mfuniko huo haufunguliwi injini ikiwa moto, kwa sababu yoyote ile.

Ikilazimu kusimama katikati ya mlima, abiria wa kwanza kushuka aweke kizuizi nyuma ya magurudumu ya trela na ya gari. Wengi hutumia mawe. Gari likishaondoka, mawe hayo hubaki katikati ya njia, na usiku mwenye bodaboda hayaoni hadi ameyagonga. Vipande viwili vya mbao vilivyokatwa pembe, vikiwa na kamba ya kuvivutia, hugharimu karibu bure kwa seremala yeyote. Kadhalika matawi ya miti yaliyotupwa barabarani si ishara halali ya gari lililoharibika. Pembetatu mbili zinazomeremeta, zile ambazo madereva huziita laifseva, ziwekwe angalau mita 50 kutoka kwenye gari, na kama kuna kona nyuma, zitangulie kona yenyewe.

Kulala

Hakuna mtu anayepaswa kuwa ndani ya trela inapovutwa, hata kwa kipande kifupi, hata mtoto aliyekwisha lala. Mkono ukikatika, aliye ndani hana usukani, hana mkanda na hana breki. Mtungi wa gesi ufungwe koki kabla ya gari kuondoka, nao ukae nje, umesimama na kufungwa imara, si chini ya kitanda.

Hatari inayotisha zaidi huja baada ya kufika. Usiku wa Iten ni baridi, na anayetoka mikoa ya joto hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Kibanda cha mabati kilichozibwa vizuri kwa ajili ya vumbi kimezibwa vizuri pia kwa gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa, bali huzidi kulala. Makaa yaliyofunikwa na jivu, yanayoonekana kama yamezimika, bado huitoa. Jiko libaki nje hata likiwa na majivu matupu, na trela iwe na matundu mawili ya hewa yasiyofungika, moja chini na moja juu. Baridi inatibiwa na blanketi zaidi. Yeyote anayeamka na kichwa kinachouma na kichefuchefu ndani ya trela iliyokuwa na moto atoke nje mara moja, awatoe wenzake, kisha atafute hospitali.

Wakati wa mvua

Miteremko ya bonde hili huporomoka. Watu walipoteza maisha katika maporomoko ya udongo ya Chesegon, mpakani na Pokot Magharibi, mwezi Aprili 2020, na tena Chesongoch, Marakwet Mashariki, Novemba 2025. Mvua kubwa inaponyesha, safari ya trela iahirishwe, na kibanda kisiegeshwe chini ya ukuta wa bonde wala kando ya mkondo uliokauka, hata pawe pazuri namna gani kwa kivuli. Dereva akikuta mawe au tope jipya barabarani asijaribu kupenya. Gari lenye trela haliwezi kugeuka kwenye njia nyembamba, na kurudi nyuma kwenye kona kunahitaji mtu wa kuongoza kwa miguu. Mkono ukishika sehemu ya chini ya usukani, nyuma ya trela huenda upande ule mkono unakoelekea; kijaribiwe uwanjani nyumbani kwanza, mara nyingi.

Nambari za dharura ni 999 na 112, na hupigwa bila malipo. Katika maeneo ya bonde ambako mtandao hupotea, dereva akumbuke jina la kituo cha mwisho alichopita, iwe Kessup, Tambach, Biretwo au Chebloch, na ni upande upi wa barabara gari lilipo, kwani hayo ndiyo atakayoulizwa kwanza.